Mmekata mtego wa panya, mkaacha kofi la mama mkwe: hii chaneli ya katuni inatuonaje?

Wakuu, poleni na majukumu. Leo nimekuja na povu, asiyependa uzi mrefu apite kushoto.

Jumamosi asubuhi nimekaa sebuleni na mpwa wangu wa miaka tisa. Kifurushi nimelipia Ijumaa usiku, tena kile kikubwa, kwa sababu moja tu: chaneli yao ya watoto ilitangaza wiki nzima kwamba inarudisha Tom na Jerry za zamani, zile zenyewe. Jina la kampuni silitaji. Wakaanza na The Cat Concerto ya 1947. Tom kavaa suti ya mkia, kaketi kwenye piano, anapiga Rapsodia ya Kihangari namba 2 ya mtunzi Liszt, na Jerry kalala humo humo ndani ya piano. Nikamwambia dogo, tulia, inakuja sehemu moja utacheka mpaka ulie.

Mnaoikumbuka mnajua naongelea nini. Jerry anatoa vitufe vya piano, mahali pake anaweka mtego wa panya. Tom anaendelea kupiga. Kidole kinapita kulia kwa mtego, kinapita kushoto, kinarudi, kinaponea tena. Unajua kitanaswa, hujui lini. Enzi zetu kwenye kibanda umiza, watu hamsini kwenye benchi, hapo palikuwa kimya kabisa, hata muuza karanga ananyamaza. Halafu pap! Kibanda kinalipuka.

Sasa walichotuonyesha Jumamosi: kidole kinapita, kinapita, kinapita, picha inaruka, Tom yuko mbele huko anapiga kitu kingine na muziki umedunda kama CD iliyokwaruzwa. Pap haipo. Dogo kanigeukia: "Anko, kale kamtego kameenda wapi?"

Nimjibu nini?

Mtu ataniambia ni sekunde mbili tu mkuu, punguza jazba. Hapana. Katuni nzima ni dakika saba na ushee, na muziki wake unatembea na vitendo hatua kwa hatua. Mtunzi wa muziki wa Tom na Jerry, Scott Bradley, alikuwa anapanga noti zifuate nyayo za paka: paka akinyata filimbi inanyata, paka akianguka ngazi tarumbeta zinaanguka naye. Ukikata sekunde mbili za picha umekata na sekunde mbili za Liszt, hata asiyejua Liszt ni nani sikio linamwambia hapa pameibiwa kitu. Tena utani wenyewe uko kwenye kule kuponea ponea. Kunaswa ndiyo malipo yake. Wao wametuachia deni wakakata malipo.

Na kitu kilichonipandisha presha zaidi ni mapumziko ya tangazo. Katuni imesimama, linakuja tangazo la tamthilia yao ya usiku, mama mkwe anamzaba mkwe kofi, wamelirudia mara tatu kutoka pembe tatu, taratibu, na mwangwi. Huyo huyo mtoto waliyemlinda na mtego wa panya. Kofi la binadamu kwa binadamu sawa, kidole cha paka wa kuchorwa hapana.

Nikapiga huduma kwa wateja. Dakika kumi na nane za kinanda. Binti akapokea, mpole kweli, sina ugomvi naye, akaniambia "maudhui yameboreshwa kwa ajili ya familia." Yameboreshwa! Hilo neno ndilo lililonileta hapa.

Hizi filamu hazikutengenezwa kwa ajili ya watoto wa asubuhi ya Jumamosi. William Hanna na Joseph Barbera walizitengeneza kwenye studio ya MGM ya Marekani, 114 kati ya 1940 na 1958, zioneshwe kwenye majumba ya sinema kabla ya filamu kubwa, na waliokaa kwenye viti vile ni watu wazima na watoto pamoja. Zilipata Oscar saba, na hiyo ya piano ni mojawapo. Ni televisheni iliyokuja baadaye, CBS ya Marekani mwaka 1965, ikaziweka Jumamosi asubuhi, halafu ikashangaa mbona hazifanani na vitu vya watoto. Mkasi ulianzia hapo, na hawa wetu wanaendeleza tu ukoo.

Tena walianza na pabaya. Mnamkumbuka yule mama mwenye nyumba? Yule asiyeonekana uso, miguu tu na slipasi, anamtishia Tom kumtupa nje? Kibandani kwetu tulimwita Bibi Slipasi. Mama mweusi, ufagio mkononi. Miaka mingi baadaye naangalia kwa jirani mwenye dishi, nakuta katuni ile ile, Tom yule yule, kosa lile lile, lakini mwenye nyumba ni mwanamke mwembamba mweupe mwenye lafudhi ya Kiayalandi. Nikadhani Tom kahama. Kumbe miaka ya 60, ili katuni zipite kwenye televisheni, walimfuta yule mama picha kwa picha, wakachora mzungu juu yake, na sauti ikawa ya mwigizaji June Foray. Sauti ya kwanza ilikuwa ya Lillian Randolph, mwigizaji mweusi. Halafu miaka ya 90 Turner, waliokuwa wanamiliki katuni hizo, wakarudisha picha ya mama mweusi lakini wakarekodi sauti upya, safari hii ya mwigizaji Thea Vidale. Mwanamke mmoja, rangi mbili, sauti tatu, na nyumba ni ile ile.

Sasa wasije watu wa kunifundisha. Najua yule mama alichorwa kwa dharau. Mtumishi mnene anayefoka Kiingereza cha kuvunjika, hiyo ni picha ambayo Wazungu wa Marekani walijitengenezea kuhusu wanawake weusi, na Wamarekani weusi waliipinga wakati ule ule, hawakusubiri mimi na wewe tuje na bando. Baada ya 1952 studio haikumtumia tena. Kuna katuni nyingine za wakati huo zina michoro ya watu weusi ambayo ukiiona unanyanyuka kwenye kiti. Mpwa wangu nisingemwachia aitazame peke yake, ningekaa naye.

Lakini hebu niambieni, ukimchora mtu mweusi kwa dharau, dawa ni kumpaka rangi nyeupe? Hilo ndilo "kuboresha"? Unamtukana mtu, anakulalamikia, unajibu kwa kumtoa nyumbani kwake!

Warner, studio iliyokuja kuzimiliki katuni hizi baada ya Turner, wenyewe walionyesha njia nyingine. Mwaka 2005, kwenye mkusanyiko wa tatu wa DVD za Looney Tunes, katuni zao nyingine za zamani, walimweka mwigizaji Whoopi Goldberg mwanzoni. Mwanamke mweusi, uso wake unaonekana, anakuangalia anakwambia: humu kuna ubaguzi, ulikuwa mbaya wakati ule na ni mbaya sasa, tunauacha kwa sababu kuuficha ni kama kudai haukuwepo. Basi. Maneno machache, halafu unaangalia ukiwa na akili zako. Hawa wetu wanashindwa hata kuandika "filamu hii imepunguzwa" chini ya skrini, ila nembo yao kubwa kama sufuria la ubwabwa wanaiweka bila tabu.

Uingereza mwaka 2006 mtazamaji mmoja alilalamika Ofcom, mamlaka yao ya utangazaji, kuhusu sigara kwenye katuni mbili za Tom na Jerry, Texas Tom na Tennis Chumps, na Turner wakakubali kupitia katuni zao na kukata kuvuta sigara kunakoonekana kama ujanja. Mtazamaji mmoja, wakuu! Kwa hesabu hiyo na mimi mmoja nadai mtego wangu.

Bado sijamaliza. Picha. Katuni hizi nyingi zilichorwa kwa umbo la karibu na TV ya chogo, upana nne kwa urefu tatu. TV za sasa ni pana. Mwenye heshima anaacha weusi pembeni, kazi imeisha. Hawa wameikuza picha ijae skrini, kwa hiyo juu imekatwa na chini imekatwa. Fikiria kidogo tu: panya anaishi wapi? Sakafuni! Ukikata chini ya picha umemkata panya. Kuna katuni nzima Tom anapigana na masikio mawili. Na Bibi Slipasi, ambaye maisha yake yote kwenye filamu ni miguu, kabaki magoti.

(Za mwishoni, zile za CinemaScope za katikati ya miaka ya 50, shida ilikuwa kinyume, zilikuwa pana kuliko TV za chogo, hivyo Tom yuko kwenye picha na anachokikimbia hakipo. Hizo kwenye TV za sasa zingekaa vizuri zaidi. Hawajazionyesha.)

EDIT: Kuna mkuu kasema "katuni tu hizo, nchi ina matatizo." Sawa mkuu, wewe anzisha uzi wa matatizo ya nchi, nitakuja kuchangia.

EDIT 2: Kwa wanaouliza, ndiyo, nimewapigia tena leo. Wamesema maoni yangu "yamepokelewa." Kifurushi kinaisha tarehe 28, silipii tena hata senti.

Mwenye hiyo ya piano nzima, yenye pap, aje PM. Nakuja na flashi yangu popote ulipo, hata Mbagala. Dogo kila siku ananiuliza.