Oktani ipi inaifaa Toyota IST kutoka Japani?

Swali: Wanajamvi, je, nikiijazia IST yangu ya cc 1,500 petroli ya oktani 95 badala ya 91, nguvu itaongezeka?

Jibu: Hapana, ndugu, kwa sababu oktani huonyesha jinsi petroli inavyostahimili mgandamizo bila kujiwasha yenyewe, wala si wingi wa nishati yake; na IST ilitengenezewa petroli ya kawaida ya Japani, ambayo kiwango chake cha chini ni 89.

Jibu: Nakubaliana nawe, ila Subaru Forester ya turbo (kifaa kinachosukuma hewa zaidi ndani ya injini) ni habari nyingine. Huko Japani hutiwa petroli ya 96 na kuendelea, na ukiitilia 91, injini hugongagonga gari likipanda mlima kwa kuwa petroli hujiwasha yenyewe, au kompyuta ya injini huchelewesha cheche za plagi na gari likawa zito.

Muulizaji: Nashukuruni, nitabaki na 91.