Mama ana kisukari, leo sukari imeshuka hadi 3.1. Nimwachishe dawa?

BintiPangani:
Wakuu habari za mchana. Mama yangu ana miaka 61, naishi naye huku Tanga. Mwezi uliopita alikuwa hakauki kiu, usiku anaamka kukojoa mara tano. Zahanati wakampima asubuhi kabla hajala, ikasoma 14.2. Akaanzishiwa vidonge vya kushusha sukari, metformini na glibenklamaidi.

Tangu siku hiyo mama anakiogopa chakula kama sumu. Ugali tonge mbili, jana kalala na chai ya rangi tu. Jirani naye kamletea unga wa mlonge, anakoroga kwenye maji kila asubuhi. Leo saa nne namkuta jasho linamtiririka, mikono inatetemeka, anaongea vitu havieleweki. Kimashine kikasoma 3.1. Nikampa soda, baada ya muda akarudi sawa. Nilikosea kumpa soda mtu wa sukari? Na dawa niziache zote?

MzeeWaSindano:
Pole sana binti. Hukukosea hata kidogo, hiyo soda ndiyo iliyomrudisha. Mimi huu mwaka wa 17 na sukari. Mwaka wa pili ilinishuka ndani ya daladala, konda akajua nimelewa, akanishusha kituoni kwa matusi. Tangu hapo pipi haitoki mfukoni.

NesiMstaafu:
Dada, kwanza mpeleke hospitali leo hii, usingoje kesho. Glibenklamaidi inalisukuma kongosho litoe insulini (homoni inayoshusha sukari), mtu awe amekula au hajala. Na inakaa mwilini muda mrefu, kwa hiyo soda inamwinua sasa hivi, halafu usiku anashuka tena mmelala. Kwa mtu wa umri mkubwa ni hatari zaidi, hasa figo zikiwa zimechoka. Metformini ni nyingine, hiyo peke yake ni nadra kushusha mtu namna hii. Usiache zote kwa kichwa chako, daktari ndiye aamue ipi itoke.

Ikisoma chini ya 4: vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, au nusu glasi ya soda ya kawaida (ile isiyo na sukari haisaidii kitu). Subiri dakika 15, pima. Bado iko chini, rudia. Ikipanda, ale chakula. Akipoteza fahamu usimmiminie chochote mdomoni, mkimbize hospitali.

Kamanda_77:
Mlonge unaponya kabisa. Shemeji yangu aliacha vidonge, sasa mzima.

MzeeWaSindano:
@Kamanda_77 shemeji yako akapime kile kipimo cha wastani wa sukari wa miezi mitatu, halafu uje utusimulie. Dada, huo unga nao ubebe ukamwonyeshe daktari.

MamaLishe_Muheza:
Kuhusu chakula: asiache kula, apange sahani. Nusu matembele au mchicha, robo ugali, robo dagaa au maharage. Dona ni bora kuliko sembe ila si ruhusa ya kujaza mlima, nayo inapandisha. Na ale kwa saa zilezile kila siku. Wangu namkuta anaficha maembe chini ya kitanda, lakini hiyo ni habari nyingine.

BintiPangani:
Asanteni wakuu, nimerudi. Walitubakiza hadi asubuhi, na kweli saa nane usiku ilishuka tena hadi 3.8, wakamtundikia dripu. Glibenklamaidi imetolewa, amebaki na metformini, anameza na chakula. Mlonge ameambiwa aweke pembeni kwanza. Tuwe tunaandika vipimo kwenye daftari, turudi baada ya wiki.

Leo kabla ya kula imesoma 9.8, mama ameanza kulia eti imepanda. Nimempikia ndizi moja na maharage, anaiangalia sahani kama mtu anayetaka kuiba.

NesiMstaafu:
9.8 itashughulikiwa polepole kliniki. Mwambie amalize hiyo ndizi.