Wastani wa v467c kwenye TDHS 2022 unazidi 1, nakosea wapi?

Wadau, natumia faili la wanawake la TDHS-MIS 2022 (utafiti wa kitaifa wa afya, uzazi na malaria Tanzania). Natafuta asilimia ya wanawake wanaosema kupata hela ya matibabu ni tatizo kubwa, mjini na vijijini. Nikipiga wastani wa v467c (safu ya swali hilo la hela) kwenye Stata, programu ya takwimu, unazidi 1. Nikihesabu waliojibu "tatizo kubwa" peke yao, bado sifiki kwenye namba ya ripoti ya utafiti.

JIBU 1
Hiyo siyo ndiyo/hapana. 1 ni tatizo kubwa, 2 ni si tatizo kubwa. Tengeneza mpya:
gen hela = v467c==1 if v467c<.
Usiache hilo sharti la mwisho, maana bila hilo asiye na jibu anageuzwa 0 na asilimia inashuka kimyakimya.

JIBU 2
Na uzito umeusahau, yaani namba inayomrudisha kila mwanamke kwenye sehemu yake halisi ya taifa. Zanzibar ina mikoa 5 kati ya 31, lakini kwa sensa ya 2022 watu wake ni 1,889,773 kati ya 61,741,120, kama asilimia 3 tu. Kila mkoa ulihitaji sampuli ya kutosha kusimama wenyewe, kwa hiyo Wazanzibari kwenye faili ni wengi kupita sehemu yao halisi. Usipoweka uzito, wanavuta jibu la taifa. Hapa v005 ni uzito, v021 eneo la kuhesabia, v023 tabaka la sampuli, v025 mjini/vijijini:
gen uz = v005/1000000
svyset v021 [pw=uz], strata(v023)
svy: mean hela, over(v025)
Ukiruka svyset ukaweka uzito peke yake, asilimia itatoka sawa ila kiwango cha makosa kitakudanganya, kwa sababu wanawake wa eneo moja la kuhesabia wanafanana.

JIBU 3
Namba ikikaa sawa, angalia unavyoiandika. Swali linaulizwa kwa kila mwanamke, hata asiyeumwa: ukiumwa na kutaka matibabu, hela ni tatizo kubwa? Halisemi nani alikosa tiba. Usiandike "walishindwa kutibiwa".

Pia usikimbilie kuoanisha na v481 (bima) ukategemea wenye kadi wawe 0. CHF iliyoboreshwa (bima ya mfuko wa afya ya jamii), kwa mfano, hailipi nauli ya kufika zahanati, na dawa isipokuwepo dirishani mgonjwa anatoa mfukoni. Umbali nao uko v467d, uweke pembeni ya hela kwenye jedwali moja.

MWULIZAJI
Ilikuwa uzito na ile 2. Sasa imelingana.