Tuliojifunza bodi gemu za vibarua (zile za mezani unazotuma watu wako kufanya kazi) peke yetu bila mtu wa kucheza nae, tupeane uzoefu

Kobe wa Sakina:
Wakuu heshima mbele. Mimi niko Arusha, Sakina, kazi yangu kuzungusha watalii, na mwezi wa nne na wa tano mnaujua wenyewe, masika, wageni hamna, gari iko uani imefunikwa turubai na mimi niko ndani nahesabu matone ya bati. Sasa mwaka juzi mgeni wangu mmoja Mjerumani siku namrudisha uwanja wa ndege wa KIA begi likazidi kilo, akatoa boksi moja kubwa akaniambia chukua hii, utacheza na familia. Nikajua ni ludo ya kizungu. Kumbe ni gemu inaitwa Agricola, katunga Mjerumani anaitwa Uwe Rosenberg, imetoka 2007, na kitabu cha sheria chote Kijerumani.

Kijerumani changu mimi ni cha mbugani, simba, tembo, tafadhali kaeni chini gari linaondoka. Humo ndani ni udongo, matete, mavuno, kupanda mbegu. Nimekaa na simu napiga picha ukurasa mmoja mmoja natafsiri, wiki nzima. Wife alinicheka mpaka akachoka, nikamwomba tucheze wawili akajaribu dakika 20 akasema ana nguo za kuanika. Na mvua inanyesha!

Basi nikacheza peke yangu. Kwa asiyejua, una shamba lako tupu la viboksi 15, nyumba ya mbao vyumba viwili, baba na mama. Kila raundi unamtuma baba sehemu moja, mama sehemu moja, huyu akate mbao, huyu akalime, ukishamtuma mtu sehemu basi hapo pamejaa mpaka raundi iishe. Raundi 14 jumla. Mavuno yanakuja mara 6, baada ya raundi ya 4, ya 7, ya 9, ya 11, ya 13 na ya 14, na kila mavuno lazima ulishe watu wako, ukikosa unapewa kadi ya ombaomba, kila kadi inakula pointi 3. Gemu ya kwanza mimi nililima wee nikasahau kabisa kama kuna kula. Nilimaliza na pointi hasi, sisemi ngapi.

Ila sasa hivi nimeiva, kitabu kinasema ukicheza peke yako lengo ni pointi 50, mimi juzi nimepiga 53. Nyie wengine mlianzaje? Njooni tupeane uzoefu, hasa mlioko huku Arusha na Moshi maana nadhani tuko wachache mno.

Mama Rau:
Niko Moshi, Rau, mwalimu wa sekondari. Mimi yangu ni Viticulture, kaniletea shemeji yangu anayekaa Italia, na humo ndani ni kulima zabibu huko Toscana na kutengeneza wine, na mimi ni mlokole hahaha. Mchungaji aliikuta mezani siku moja nikamwambia ni mambo ya Dodoma, kilimo cha zabibu, akaridhika.

Hii yangu ukicheza peke yako unapewa mpinzani wa karatasi, anaitwa Automa. Ni kadi tu. Mwaka una misimu minne ila vibarua wanatumwa kiangazi na kipupwe, na msimu ukianza unafunua kadi ya Automa inakuonyesha yeye vibarua wake wanakaa wapi, sehemu hizo anakuchukulia. Ana pointi zake 20 hazipandi wala hazishuki, wewe una miaka saba ya kumpita, ukifika 20 kamili bado umefungwa.

Sasa niseme ukweli wangu wote. Miezi miwili ya kwanza nilikuwa namwonea. Nikifunua kadi nikaona kakaa pale pa kuvunia ambapo mimi nilikuwa napataka kufa, naichanganya tena nafunua nyingine, najisemea ah ile ilikuwa haijachanganyika vizuri. Kijana wangu wa darasa la sita siku moja amesimama nyuma yangu sijui, akaniuliza, mama, ungemwibia hivyo na kama angekuwa mtu? Yaani nilifunga boksi. Nimekaa siku tatu sijaligusa, kidogo niungame kanisani.

Nilipoanza kucheza kihalali nilifungwa gemu tisa mfululizo, nimeziandika nyuma ya daftari la maandalio ya somo. Kilichoniokoa ni yule kibarua mkubwa, maana unaanza na vibarua watatu na mmoja kati yao ni mkubwa, yeye anaruhusiwa kuingia hata palipojaa. Nilikuwa namtuma mwanzo mwanzo kwa haraka zangu kwenye mambo yoyote. Siku hizi namkalisha mpaka nione Automa kanibania wapi.

Kete 64:
Shikamooni mliozidi, marahaba wadogo. Mimi mzee wa Majengo Moshi na nitawaambia bila kuficha, mchezo bila mtu mbele yako si mchezo. Bao lina mashimo 32, kete 64, na nusu ya utamu ni kumwona mwenzio anavyokunja uso ukimla nyumba yake. Sasa wewe unacheza na karatasi, unamtania nani? Karatasi ina kijasho?

Chalii wa Ngaramtoni:
Mzee Kete shikamoo, ila kuwa mkweli, usiku kibarazani wenzako wakishaenda kulala huwa unafanya nini na bao lako?

Kete 64:
Marahaba. Kijana una maneno. Haya, nakiri. Nazungusha pande zote mbili. Nampa kila mmoja kete zake 22 za mkononi, 10 ziko ubaoni, nanamua huku, yaani naingiza kete ubaoni, nageuka nanamua kule. Ila na mimi nina tatizo kama la mwalimu wa Rau, upande wa kusini ndio wangu na sijui kwa nini kusini hashindwi. Nimejaribu kubadilisha kiti, kiti kikibadilika na ushindi unahama.

Chalii wa Ngaramtoni:
Haha asante mzee. Mimi boksi la kununua sina, bei zake mtu unasoma unafunga simu. Nimejitengenezea. Nimechukua manila nikachora sehemu za kutuma vibarua, sehemu ya kuni, ya maji, ya soko, ya fundi. Vibarua vyangu ni vizibo vya soda, vya bluu vyangu, vyekundu vya mpinzani, natupa dadu kujua mpinzani anakaa wapi. Mali ni mahindi na maharage, hindi moja ni kuni, harage ni shilingi mia.

Ilikwenda vizuri mpaka nikaacha gemu mezani usiku nimalizie kesho. Asubuhi hazina imeliwa na panya, aisee, mahindi yote, maharage kaacha. Yaani niliamka nina hela na sina kuni. Nikasema poa, nikaendelea hivyo hivyo kama ni sehemu ya gemu, na nikashinda. Sasa natumia kokoto.

Meza Ndogo Njiro:
Mimi ninayo A Feast for Odin, ya huyo huyo Rosenberg, ya 2016. Shida yangu si sheria, shida ni meza. Gemu inakula meza yote ya kulia chakula, sisi tunakula kwenye sofa sahani mapajani. Peke yako unatumia watu wa rangi mbili kwa zamu, wale wa raundi iliyopita wanabaki palepale wanakuzibia njia raundi hii. Yaani unajigombanisha na wewe wa jana. Nikikosa sehemu najitukana mwenyewe. Sijawahi kuimaliza kabla umeme haujakatika, ila napenda.

Fundi Kiboriloni:
Nimesoma uzi wote nimefurahi. Mimi fundi simu, Agricola ninayo, ya Kiingereza, nacheza hapa kibandani siku ambazo wateja hamna, boksi nalificha chini ya kaunta maana watu wakiona wanadhani nimeacha kazi.

Kwanza nitoe ninachojua mimi. Ukicheza peke yako utamu wake ni kwamba hakuna wa kukuwahi. Ukiwa na watu mbao zikirundikana mwenzio anazibeba, wewe unabaki umeshika kichwa. Peke yako zile mbao ulizoziacha jana ziko, na leo zimeongezeka. Kwa hiyo mimi siulizi nichukue nini, nauliza nini naweza kukiacha kinenepe. Matete ndiyo yanayochelewesha watu, yanakuja 1 tu kila raundi na chumba kimoja cha mbao kinataka mbao 5 na matete 2, bila chumba mtoto hazaliwi, bila mtoto una mikono miwili mpaka mwisho. Mzee wangu yuko Kibosho, alikuja siku moja kibandani akaangalia shamba langu la mezani dakika nzima kimya. Akaniuliza hapa pembeni pameachwa kwa nini. Nikamwambia baba sijapafikia. Akasema kihamba, yaani shamba letu la nyumbani Wachaga, hakina pembeni. Na kweli kila kiboksi kikibaki tupu mwisho wa gemu kinakutoa pointi 1, sikuwa nimemwambia. Alipoona kondoo yuko ndani ya nyumba, maana sheria inaruhusu mnyama mmoja kukaa ndani, alifurahi sana, akaanza habari za nyumba za zamani za kwetu ambazo ng'ombe analala upande huu watu upande ule, kazi yangu siku hiyo ikaishia hapo.

Sasa swali kwa mleta mada. Mkuu Kobe, hiyo 53, mavuno ulikuwa unalisha kila mtu mzima chakula 2 au 3?

Kobe wa Sakina:
2 mkuu. Kwani?

Fundi Kiboriloni:
Pole. Peke yako ni 3. Na msituni mbao zinaongezeka 2 kila raundi, sio 3. Na unaanza na chakula 0. Kuna kipande kidogo cha mchezaji mmoja huko kwenye kitabu, kasome.

Mama Rau:
Uwiii. Kaka karibu kwenye chama.

Kete 64:
Kusini hashindwi.

Kobe wa Sakina:
Jamani. Nimeenda kufukua kitabu. Hicho kipande kipo, nilikiruka kwa sababu ile picha niliyopiga ilikuwa na kivuli cha kidole changu mwenyewe. Miaka miwili! Nilikuwa naanza na chakula 2 mkononi, mbao 3, nalisha 2, alafu najiita nimeiva. Nimeishiwa nguvu. Usiku huu nacheza upya nitaleta majibu.

Chalii wa Ngaramtoni:
Tunasubiri na popcorn.

Kobe wa Sakina:
Nimemaliza sasa hivi, saa saba usiku. Pointi 27.

Mavuno ya kwanza nilitakiwa na chakula 6, nikafuata mawazo ya Fundi, samaki nikawaacha wanenepe. Raundi ya 4 wakawa 4, nikamtuma baba akavue, mama akapige kibarua cha kutwa akaleta 2, jumla 6, imepita kwenye tundu la sindano. Nikasimama nikacheza kidogo sebuleni peke yangu.

Raundi ya 6 sehemu ya kondoo walikuwa wamefika 3 nikawachukua wote kwa tamaa, zizi sina, wawili wakakimbia, mmoja nikamweka ndani ya nyumba. Na mama siku hiyo tena kibarua, chakula 2. Raundi ya 7 mama akajifungua, chumba nilishajenga, baba akavua samaki 3. Mavuno haya hapa. Baba 3, mama 3, kichanga kinakula 1, jumla 7. Nina 5. Nimekaa naangalia meza. Kondoo yuko sebuleni kwangu ananiangalia, huyo ukimpika ni chakula 2, ndizo hizo hizo zinazopungua, ila jiko sina na bila jiko mnyama haliwi. Nikachukua kadi mbili za ombaomba, pointi 6 zimekwenda, kondoo yumo ndani mzima.

Fundi Kiboriloni:
Jiko la bei ndogo udongo 2 tu mkuu.

Kobe wa Sakina:
Najua. Udongo ulikuwa umefika 7 pale shimoni, tangu raundi ya kwanza naupita kama siuoni. Wife kaamka saa hizi anauliza naongea na nani. Napanga upya, wageni wa kwanza mpaka mwezi wa sita.