"Ndani huko nani anaangalia?" MIMI NAANGALIA! Yule fundi wetu kaipiga msasa dramu ya 1966

Wakuu, leo sisalimii, mikono inatetemeka.

Yule fundi mnamjua. Simtaji. Kila bendi hapa mjini imeshampelekea kitu, kila kwaya inamsifia, penseli haitoki sikioni. Ndiyo huyo huyo.

Nilimpelekea tomu langu la chini, ile dramu kubwa inayosimama kwa miguu, inchi 16, la ile seti ya dramu za Ludwig ambayo mjomba alinitumia kutoka Ohio. Kazi ilikuwa moja: kishikio cha mguu kimelegea, akibane. AKIBANE! Leo nakwenda kulichukua nakuta kavua ngozi zote mbili, kakwangua ndani kwa msasa mpaka mbao imebaki uchi, halafu kapiga vanishi ya milango. Linang'aa mpaka unaweza kunyolea ndevu humo. Vumbi lililomwagika pale chini lingejaza lori na tela lake.

Nikamuuliza kwa upole kabisa: fundi, ile rangi ya ndani iko wapi? Mbele ya wateja, mbele ya wanakwaya waliofuata gitaa lao, akalinyanyua, akalipindua, akacheka, akasema: "Sasa ndani huko nani anaangalia?"

NANI ANAANGALIA NDANI!

Wakuu, dramu NI ndani! Huko nje ni plastiki ya urembo tu imebandikwa. Ndani ndipo Ludwig wa Chicago walipoweka akili. Tabaka tatu za mbao, popla katikati, pete za mbao juu na chini za kuushika mzinga, yaani mwili wa dramu, usipinde. Kwanza walikuwa wanapaka nyeupe, halafu mwanzoni mwa miaka ya 1960 wakaleta ile ya kijivu yenye madoadoa meusi na meupe, wakaenda nayo mpaka karibu 1968, ndipo wakaanza kuacha mbao ionekane. Langu lilikuwa la madoadoa. LILIKUWA.

Na hapo hapo juu ya kijivu palikuwa na muhuri wa wino mwekundu, mwezi, siku na 1966. Namba ya kwenye beji haikwambii mwaka kwa uhakika, beji zilikuwa zinabandikwa bila kufuata mpangilio. Muhuri ndio unaosema. Yule mtu kakwangua cheti cha kuzaliwa cha dramu yangu, kakifagia, kisha ananiuliza nani anaangalia ndani.

Zamani lilikuwa linasema DUM, nene, fupi, inakaa tumboni. Sasa linasema DWEEENG, inakwenda, inarudi, inakwenda tena. Na hela kachukua!

Vijiti Vya Mpera: Pole mkuu. Ila kubana mguu tu, bisibisi huna nyumbani? 😂

Mleta mada: Bisibisi ninayo. Nyuzi za skrubu zilikuwa zimelika, nilitaka atengeneze ile sehemu vizuri. Usinitoe kwenye mada. Mtu kalipindua mbele ya watu akasema NANI ANAANGALIA NDANI.

Kinanda Kavu: Povu lote hili kwa rangi ambayo hata mkeo hajawahi kuiona.

Mleta mada: Mke wangu ndiye aliyeusoma ule muhuri kwa tochi ya simu siku mzigo unafika! Tulikaa sebuleni kila mtu anataka aone.

Soprano wa Tatu: Mimi nilikuwepo pale dukani 🤣🤣 Mleta mada alikaa kwenye kigoda akashika kichwa. Fundi akamletea soda. Hakuinywa.

Mleta mada: Ningeinywaje?!

Mzee wa Brashi: Kijana pole, roho imeniuma. Lakini niseme ninalolijua. Rangi ya ndani inaziba vinyweleo vya mbao isinywe unyevu, na inaufanya ukuta wa ndani uwe mgumu, sauti kali zisimezwe. Sasa vanishi nayo inaziba, nayo ni ngumu. Tofauti ya hizo mbili sikio linaipata kwa taabu. Kinachobadilisha sauti waziwazi ni ukingo pale ngozi inapokalia, halafu ngozi yenyewe, halafu ulivyoikaza. Ludwig za miaka hiyo ukingo wake ni wa mviringo, ngozi inagusa mbao nyingi, ndiyo maana ya hiyo DUM yako. Msasa wake ulipanda mpaka ukingoni? Kama aliunoa, hiyo DWEEENG si ya vanishi.

Mleta mada: Shikamoo mzee. UMEPANDA! Nimepitisha kidole sasa hivi, upande wa chini umekuwa mkali unakata. Na zile pete kazipunguza unene. Lakini mzee wangu, ukingo nitaulilia kesho. Leo nalia na ule mdomo. Alilipindua HIVI, mbele ya wanakwaya.

Mzee wa Brashi: Marahaba. Usilipige tena mpaka tuliweke juu ya kioo bapa tuone limeyumba wapi. Ukingo unaweza kurudishwa na mtu anayejua. Muhuri haurudi.

Mleta mada: Nimesoma "haurudi" nimefunga simu, nimefungua tena.

Kinanda Kavu: Wamarekani wenyewe walipaka ili kuficha mbao zenye mabaka. Fundi kawaumbua tu.

Mleta mada: Hata kama! Gretsch walipaka rangi ya fedha. Rogers walikuwa na kijivu chao. Slingerland wakapaka laka tu, mbao inaonekana. Kila kiwanda kiliamua chake na ndicho unachokisikia kwenye santuri za zamani. Hakuna aliyeamua VANISHI YA MILANGO.

Besi Nane: Afadhali umeitaja Gretsch, maana mimi nina langu. Ninayo dramu ya besi ya Gretsch ya Brooklyn, kampuni ile ile ya dramu walizokuwa wakipiga wapiga dramu wa jazi akina Tony Williams na Elvin Jones. Ndani fedha tupu, na karatasi ya kiwandani yenye namba. Yule fundi mitambo wetu wa sauti, mnamjua pia, akasema besi inavuma sana. Nikatoka kunywa maji. Narudi nakuta kajaza mto na blanketi, kavigandisha na ile gundi ya utepe ya mabomba. Kuibandua, fedha ikatoka nayo, karatasi ikachanika katikati. Unajua alisemaje? "Si ilikuwa imeshachakaa."

Vijiti Vya Mpera: Mafundi mitambo hao! Wa kwetu alinizimia maiki za tomu ibada nzima, nimepiga mpaka bega limeteguka, watu wanasikia simbali peke yake.

Soprano wa Tatu: Na mzimiwe hivyo hivyo. Sisi tunaimba miaka nenda rudi hatujawahi kujisikia, mnatufunika.

Besi Nane: Dada, mwambie mpiga kinanda apunguze mkono wa kushoto kwanza.

Kinanda Kavu: Mkono wangu wa kushoto umeingiaje kwenye uzi wa vanishi?

Mleta mada: Jamani uzi wangu. Hivi nyie, mtu alipindue tomu la 1966 mbele ya watu, acheke, aseme nani anaangalia ndani, na mseme ni sawa?

Vijiti Vya Mpera: Hakuna aliyesema ni sawa. Ila kinachoniua mimi ni nati za simbali. Kila Jumapili nikifika moja haipo. Nani anakula nati?

Besi Nane: Watoto wa shule ya Jumapili. Wa kwetu wanazivaa pete.

Ngozi Mpya: Mimi ninazo kama tano za ziada, nani anataka?

Vijiti Vya Mpera: Za ukubwa gani?

Ngozi Mpya: Milimita 8.

Vijiti Vya Mpera: Stendi zangu ni za 6, hizo zitacheza. Mwenye za 6 aje PM.

Mzee wa Brashi: Ninazo mbili za 6. Na mleta mada, uje nalo hilo tomu Jumamosi, usilibebe bila kulifunga shuka.