Kumbukumbu za Patterson wa Greenfield: katalogi, tangazo au nembo?

Mkaazi_Columbus: Wadau, habari zenu. Nakusanya vitu vya C.R. Patterson & Sons wa Greenfield, Ohio, kampuni ya kwanza ya Wamarekani Weusi kuunda magari. Vipo vitatu sokoni na pesa yangu inatosha kimoja: katalogi ya magari ya farasi, tangazo la gari la 1915, na nembo ya rejeta. Nichukue kipi?

Fundi_Rejeta: Nembo iache kwanza, mkuu. Hesabu herufi. Flint, Michigan, kulikuwa na Paterson mwingine wa T moja, aliyeunda magari 1909 hadi 1923. Naye alitokea kwenye magari ya farasi, kwa hiyo ni rahisi kuwachanganya. Wa Greenfield ana T mbili. Tena hakuna gari lake hata moja linalojulikana kubaki, na wanaokadiria juu kabisa wanasema yaliundwa 150 tu. Muuzaji aeleze nembo ilipita mikononi mwa nani.

Magazeti_ya_Kale: Mimi ningechukua tangazo. Gari lenyewe halipo, basi karatasi ndiyo ushahidi. Hapo ndipo unamwona Frederick Patterson akiingia sokoni na gari la dola 685, injini ya kampuni ya Continental, wakati Ford inauza kwa bei ya chini zaidi. Ule ulikuwa ujasiri! Omba picha ya nyuma ya ukurasa. Ukiwa mtupu, shuku kwamba ni nakala ya juzi.

Bibi_Hifadhi: Nakuheshimu ndugu yangu, lakini gari lilidumu miaka michache tu. Katalogi inabeba kazi ya Charles, baba yake Frederick, aliyezaliwa utumwani Virginia mwaka 1833, akawa mhunzi, akaingia ubia na mzungu J.P. Lowe mwaka 1873, kisha akanunua hisa zake 1893. Walifikia aina 28 za magari ya farasi. Ukikuta jina la Lowe, hiyo ni ya kabla ya 1893, usiiachie.

Dereva_Mstaafu: Mbona mabasi mmeyasahau? Baada ya magari walijenga bodi za mabasi, ya shule yakiwemo, hadi walipofunga 1939. Picha zake nazo zitafute.

Mkaazi_Columbus: Asanteni sana. Muuzaji wa nembo ametuma picha ya karibu: T ni moja. Dada Bibi_Hifadhi, katalogi haina jina la Lowe, ila kurasa zote zipo. Naichukua.

Bibi_Hifadhi: Ichukue. Usiibandike gundi wala selotepu.