Wamempasua paka wangu, wakakuta kizazi upande mmoja hakipo, wakashona kimya kimya!

Wakuu leo nina hasira, niacheni niseme. Nilimpeleka paka wangu jike, mdogo tu wa miezi sita, akafungwe kizazi kwa daktari mmoja hapa Tanga, hela nikalipa yote, jioni nikapewa paka na dawa ya maumivu naambiwa kila kitu kimeenda sawa. Haya. Kidonda kimepona, manyoya yameota, mara paka kaanza kulia usiku kucha, anagaragara sakafuni, anabinua kiuno mkia pembeni, madume ya Ngamiani yote yanapigana juu ya bati langu. Narudi pale naambiwa eti ni mazoea yataisha. Mazoea gani kwa paka ambaye kabla ya kupasuliwa hakuwahi kupanda joto hata mara moja?

Nikakomaa nao mpaka kijana msaidizi akaropoka, "si ndo huyu aliyekuwa hana kizazi upande wa kulia?" Yaani walijua!! Mji wa mimba wa paka una pembe mbili, huyu kazaliwa na moja, wakatoa hiyo na ovari yake (kile kiungo cha mayai kinacholeta joto) wakashona. Kwenye kadi wameandika "amefungwa kizazi" na tarehe, basi.

Kuzaliwa hivyo hutokea kwa nadra na silaumu mtu kwa hilo. Ila daktari mwingine kanieleza kwa simu nikaishiwa nguvu, kwamba pembe ikikosekana ovari ya upande ule kwa kawaida ipo tu, juu huko karibu na figo, lazima uitafute uitoe, ukiiacha joto linarudi, na paka asipopandwa linajirudia kila baada ya wiki mbili tatu. Halafu baadhi ya paka wa hivi hata figo ya upande huo hawana! Sasa tumbo mmelifungua wenyewe, mkono umo ndani, mnashindwaje kuangalia figo? Na ile dawa mliyonipa nimnyweshe ni ya jamii ambayo mtu mwenye figo moja anapewa kwa uangalifu mkubwa, mkanipa tu kama pipi.

Nataka waniandikie walichokiona, ovari ipi imetoka ipi imebaki, na upasuaji wa pili gharama iwe yao maana wa kwanza hawakuumaliza. Mwenye kumjua daktari wa mifugo mwenye ultrasaundi hapa mjini au hata Muheza anielekeze, nataka figo za huyu mtoto ziangaliwe kabla hajachomwa usingizi tena.